Mama Mwalongo Atuachia Ofisi, Hatimaye

Ifikapo tarehe 30 Juni 2026, Bi Esnath Mwalongo atastaafu baada ya kulitumikia shirika letu la Sauti ya Kibarua kwa miaka ishirini na mmoja. Tunasikia waajiri kadhaa wa Njombe na Makambako wameanza kulala usingizi mnono. Wasifurahi mno, ameacha wanafunzi.

Mama Mwalongo ni mzaliwa wa Uwemba, na kabla ya kuja kwetu alikuwa mwalimu wa shule ya msingi. Ofisi wakati huo ilikuwa chumba kimoja pale Makambako, nyuma ya duka la pembejeo, na kila aliyekuja kulalamika aliondoka ananukia mbolea. Kazi yetu ilikuwa, na bado ni, kusimama na watu ambao jasho lao husahaulika upesi: wahudumu wa baa, wasichana wa kazi za ndani, wachuma chai, wapasua mbao. Kwenye usaili aliulizwa kama ataweza kukabiliana na mabosi wakali. Akajibu kwamba amefundisha darasa la kwanza, hivyo hana hofu.

Tusidanganyane, hakuwa malaika. Kwenye semina za kujengeana uwezo alikoroma mchana kweupe, akaamka chai ikiletwa. Jiko la mkaa la ofisi alilikumbatia peke yake msimu mzima wa baridi, sisi tukiota moto kwa macho. Na kwaya ya usharika wake ilimpandisha cheo kuwa mtunza majoho, ili tu asiimbe.

Ila habari ya ghala la parachichi haitasahaulika. Nje kidogo ya mji wa Njombe, akina mama walichambua na kupakia matunda ndani ya ghala lililofungwa kufuli kwa nje. Meneja, Bwana Damiano, alisema anazuia wizi. Siku moja Anneth, mpakiaji mjamzito, alishikwa na uchungu humo ndani. Wenzake waligonga mlango mpaka viganja vikavimba. Mlinzi, Lameki, alikuwa amekwenda kunywa chai, ufunguo mfukoni. Mtoto akazaliwa juu ya maboksi. Kwa neema ya Mungu, mama na mwana walikuwa salama. Bwana Damiano akatoa hongera zake: alimfukuza Anneth kazi kwa kuharibu mzigo.

Mama Mwalongo alikwenda kumwona, nami nikamsindikiza. Bwana Damiano, kikombe cha chai mkononi, akaapa kwamba mlango ule haufungwi kamwe.

"Basi, baba, twende tukaongelee humo ndani," Mama akasema kwa upole.

Tukaingia. Lameki, mtu wa kutii amri, akavuta mlango nyuma yetu, akatia kufuli.

Tuliongea weee. Ile chai ya meneja ikaanza kudai njia. Akawa anasimamia mguu huu, mara ule. Mwishowe akakimbilia mlangoni.

"Lameki! Fungua!"

"Bosi alisema nisifungue mpaka saa saba, hata alie nani."

"Bosi ndiye mimi!"

"Wote humo ndani hujiita mabosi, wakitaka kutoka."

Akina mama walicheka mpaka parachichi zikawaponyoka. Mama Mwalongo peke yake hakucheka. Alimsogelea yule bwana, akasema taratibu, "Baba, Anneth aligonga hapo hapo uliposimama. Na yeye hakuwa na haja ya msalani."

Bwana Damiano aliinamisha uso, na kwa mara ya kwanza nikaona amemsikia mtu. Yaliyoipata suruali yake kabla ya saa saba hatutayaandika. Hili ni jarida la heshima. Tunachoweza kusema ni kwamba kufuli liling'olewa wiki ile ile, na Anneth alirudi kazini baada ya likizo yake kamili ya uzazi. Leo ndiye msimamizi wa ghala, na hapokei mzaha kuhusu milango.

Mama, asante kwa ukali wako, na kwa kutufundisha kwamba anayedharauliwa haombi huruma, anadai chake. Unarudi Uwemba kulima viazi. Tunakuombea afya tele, mvua za wakati wake na uzee wenye raha. Tumesikia umeshaajiri vibarua wawili. Tafadhali watunze vizuri. Namba yetu ya simu wanayo.