Kura ya Kumpinga Walter

Siku ya uchaguzi wa mkoa wetu wa Manitoba, Kanada, ndani ya basi la Winnipeg, jamaa mnene mwenye kibandiko cha chama cha NDP kifuani alimgeukia bibi aliyeketi kando yake. Hakuna aliyemwomba maoni.

"Mama, wewe ni wetu. Nakuona machoni."

"Wenu tangu enzi za baba yangu," bibi akajibu. "Marehemu mume wangu, Walter, ndiye alikuwa wa wapinzani wenu, chama cha Wahafidhina. Kila uchaguzi tulikubaliana tubaki nyumbani sote, maana kura zetu zingefutana tu."

"Mkabaki?"

"Thubutu! Mimi niliaga naenda kununua maziwa."

Jamaa aliangua kicheko. Mimi, kiti cha nyuma yao, nilikuwa nasoma gazeti, ukurasa uleule tangu kituo cha tatu.

"Na mzee hakushtuka?"

"Angeshtukaje, naye hakuwepo nyumbani? Aliaga anaenda kwa kinyozi. Walter, mwenye upara! Juzi nimekuta mfukoni mwa koti lake vibandiko vitatu vya 'Nimepiga Kura', vile wanavyogawa kituoni ukishapiga."

"Loo, mlikuwa mnafutana kweli! Basi furahi, mama. Leo hakuna wa kuifuta yako."

Bibi hakucheka. Basi lilisimama mbele ya ukumbi wa kanisa, foleni ya wapiga kura ikiwa imefika barabarani.

"Miaka arobaini nimepiga kura kumpinga Walter," alisema. "Leo nampinga nani?"

Dereva alifungua mlango, akasubiri. Baridi ikatuingilia, na hakuna aliyemharakisha bibi kushuka.