Mwalimu Tumpe na Darasa Alilonyang'anywa

Marehemu Mwalimu Tumpe Mwakalobo alizaliwa tarehe 14 Machi 1967, Masoko, wilayani Rungwe, akiwa mtoto wa nne wa Mzee Gwakisa na Mama Catherine. Alisoma shule ya msingi hapohapo Masoko, kisha sekondari Mbeya mjini. Mwaka 1990 alihitimu stashahada ya ualimu, somo lake likiwa Kiingereza.

Alianza kazi Chimala, na mwaka 1994 akahamishiwa sekondari moja hapa Mafinga, alikodumu hadi mwisho. Aliwafundisha watoto wa wakulima na wa wapasua mbao kwamba kila sentensi ina mtenda na kitenzi chake, na kwamba mkato peke yake hautoshi kuunganisha sentensi mbili. Kosa la mwanafunzi aliliandika ubaoni bila kumtaja mwenyewe. "Hili nimeliokota njiani," alisema, "tulisaidie."

Mwaka 1996 alifunga ndoa ya kanisani na fundi seremala Liberatus Mgaya, ambaye alikuwa amemwomba uchumba kwa barua ya Kiingereza. Barua ilirudi na wino mwekundu kila mstari, na chini yake neno moja: Rudia. "Nilipata tisa kwa ishirini," Bwana Liberatus husema hadi leo, "lakini mke nilimpata."

Agosti 2023 alipata kiharusi. Mkono uliopooza ulipona. Kinyakyusa na Kiswahili vilirudi, lakini Kiingereza kilirudi na mapengo: ya jana akayasema kama ya kesho, mwanamke akamwita mwanamume. Alitamani kitu kimoja tu, kufundisha hadi astaafu bila kuwapotosha watoto. Basi akamwita Mwalimu Asukile, yatima aliyemlea nyumbani kwake tangu kidato cha kwanza, akamsomesha hadi naye akawa mwalimu wa Kiingereza shuleni hapohapo.

"Mwanangu, uwe unakaa nyuma ya darasa. Nikikosea, niambie nje, tukiwa wawili."

"Usijali, mama. Mimi nipo."

Asukile alikaa nyuma, akamrekodi kwa simu. Sauti ile akaituma kwenye kundi la WhatsApp la walimu, akisahau kwamba mama naye yumo. Marehemu alijisikia mwenyewe akijikwaa, na chini yake akaona vicheko vya watu aliokunywa nao chai miaka yote. Wiki iliyofuata aliondolewa darasani, akapelekwa stoo ya vitabu. Vipindi vyake akapewa Asukile.

Januari mwaka huu kiharusi kilirudi. Asukile alifika wodini, Mbeya, na mfuko wa maparachichi.

"Mama, ule ulikuwa utani tu."

"Utani una watani wake, Asukile. Mimi nilikuwa mama yako."

Kisha akageukia ukutani. Alifariki alfajiri ya tarehe 9 Februari 2025.

Shule imeomba Mwalimu Asukile atoe salamu za rambirambi hapa kaburini. Familia imeshukuru, na imekataa.

Miaka yote marehemu alipoulizwa, alijibu kwamba ana watoto watatu. Tangu siku ya ile sauti, alijibu wawili. Ameacha mume, Bwana Liberatus. Watoto wawili, Goodness na Adrian. Na mjukuu mmoja, Sarah.

Mungu ampumzishe mahali ambapo hakuna wa kumcheka.