Ndevu za Msimu Mzima

Timu ya mpira ya mji wa Cleveland, Marekani, ilikuwa imefungwa tena, na basi la kutoka uwanjani lilijaa watu walionuna kama wametoka mazikoni. Marva, aliyekuwa akirudi nyumbani kutoka kazini, hakutaka kusikiliza ya watu, lakini macho hayana pazia, na masikio ndiyo kabisa.

Mbele yake, mzee mwenye ndevu kama kichaka alikuwa akimsimulia mama mmoja aliyekaa naye, ingawa hata hawakujuana. "Niliapa tangu Septemba, sinyoi mpaka washinde. Sasa binti yangu anaolewa Jumamosi. Kaniambia nikienda hivi, atasindikizwa na mjomba wake."

"Si unyoe, mzee wangu!"

"Mechi ijayo ni Jumapili. Nikinyoa Jumamosi halafu wakafungwa, je?"

"Wakafungwa? Kwani hawa wana kazi nyingine?"

Watu wakaangua kicheko, hata dereva. Marva akajifanya anatazama theluji dirishani. Mzee hakucheka. "Binti ninaye huyo mmoja tu," akasema polepole. "Lakini kiapo ni kiapo."

Mama akamgeukia mzimamzima. "Haya niambie, tangu ufuge hizo ndevu wameshinda mara ngapi?"

"Hata moja."

"Basi huoni kuwa mkosi ni hizo hizo ndevu?"

Mzee akazikamata kidevuni kama aliyemshika mwizi. Basi likasimama kituoni kwake. Akashuka, kisha akarudisha kichwa mlangoni. "Dada, ina maana msimu mzima ni mimi niliyewafungisha?"

Mlango ukafungwa kabla hajajibiwa.