Wote Wakishindwa, Nafula Anakupigia

Bwana asifiwe, na kwa majirani wetu wa hapa Mumias waliotoka msikitini wakaja moja kwa moja kutusaidia kupanga viti, asalaam aleikum. Familia imemtuma senge wa marehemu, yaani mimi Beldina, dada wa baba yake, awasomee habari za maisha ya Phoebe Nafula Osiako, na kwa kuwa senge huyo alisimama mbele ya darasa mpaka akastaafu, anawaomba walio nyuma ya hema wanyamaze kidogo, chai ipo na haina miguu ya kukimbia.

Nafula alizaliwa tarehe 14 Aprili 1987 huko Mautuma, Lugari, akiwa kitinda mimba wa Mzee Sydney Wanzala na Mama Jerotich, siku ambayo mvua ilinyesha mpaka mkunga akavuka mto akiwa amebeba viatu mkononi, na kwa hiyo akaitwa Nafula, ingawa upande wa mama nao walikuwa na jina lao la mvua, Cherop, kwa hivyo majina yalibishaniwa lakini mvua haikubishaniwa. Katika nyumba ile Kibukusu kilikuwa cha baba, Kinandi cha mama, na Kiswahili kilikuwa cha amani, na mtoto huyu akajizoesha kumwuliza baba swali, akalipeleka hilo hilo kwa mama, akalimalizia kwa nyanya, kisha akachagua jibu lililompendeza. Senge yake alimwonya kwamba tabia hiyo ingemletea viboko, na kweli ilimletea, lakini baadaye hiyo hiyo ndiyo ikawa kazi yake.

Alianza darasa la kwanza mwaka 1994 hapo Mautuma, akafanya mtihani wa darasa la nane mwaka 2001, akajiunga na shule ya upili ya wasichana mwaka 2002 na kuhitimu mwaka 2005, kisha baada ya kukaa nyumbani akilima na kulalamika kwamba jembe halina akili, akaingia chuo kikuu hapa Kakamega mwezi Septemba 2007, akasomea kompyuta, na kuhitimu mwezi Desemba 2011. Mzee Wanzala, Mungu amrehemu, alichinja fahali siku hiyo na kuwaambia wageni kwamba binti yake sasa ni daktari wa televisheni, na Nafula hakumrekebisha, kwa sababu alimpenda.

Alianza kazi mwezi Januari 2012 katika saiba moja ya Lurambi, duka la kompyuta na intaneti, akichapishia watu barua na kutengeneza mashine zilizoingiwa na mende, mpaka tarehe 5 Machi 2018 alipoajiriwa na Shirika la Afya Jirani, ambalo hujibu kwa ujumbe wa simu maswali ya akina mama wenye watoto wachanga. Mwanzoni majibu yaliandikwa na watu, lakini akina mama wakawa wengi kuliko vidole, na mwezi Aprili 2023 shirika likaanza kutumia akili bandia ya kampuni moja ya ng'ambo, ikasaidia kweli, maswali ya kawaida yakajibiwa haraka, na yenye dalili za hatari yakaenda kwa muuguzi Jepkoech. Kisha Ijumaa tarehe 2 Februari 2024 mitambo ya kampuni hiyo ikazimika mchana kutwa, akina mama wakauliza na hakuna aliyewajibu, na Nafula akaona aibu ya mtu aliyealika wageni kisha akafunga jikoni.

Hapo ndipo mkurugenzi alipompa kazi ambayo wengi wenu mliisikia nusu nusu, mkasema Nafula anazungumza na mashine kutwa nzima, jamani, hata wengine mkasema amerogwa. Acheni senge awaeleze kama alivyoelezwa yeye, jikoni, akichambua mboga. Kampuni zenye akili hizi ni nyingi, kila moja ina mlango wake, masharti yake na siku zake za kununa, na sasa kuna zana zinazosimama katikati, wewe unaongea na zana moja tu, nayo inalipeleka swali kwa kampuni hii, ikikataa inalipeleka kwa ile, na zana zenyewe pia ni nyingi, kila muuzaji anaapa kwamba ya kwake ndiyo mama yao. Nafula alichukua tatu akazilinganisha kuanzia Machi hadi Juni 2024. Ya kwanza ilikuwa huduma ya ng'ambo, unafungua akaunti leo na kesho kampuni zote ziko mkononi mwako, rahisi kabisa, ila kila neno la mama wa Mautuma lilipitia kwanza nyumba ya mtu mwingine. Ya pili ilikuwa ya kujisimamishia mwenyewe kwenye kompyuta ya ofisi, bila kumwomba mtu ruhusa, na hiyo alisema ni sawa na kufuga ng'ombe wako, maziwa ni yako, lakini hata Krismasi utakamua. Ya tatu ilikuwa kipande kidogo cha programu cha kuunganisha ndani ya programu yako, chepesi na safi, lakini hakina mlinzi, kikikwama hakipigi kelele.

Hakuzipima kwa maneno ya wauzaji. Alizipima kwa maswali jinsi yanavyoandikwa huku kwetu, mtoto anatapikanga, mtoto halalangi vizuri, akagundua kwamba kuna kampuni iliyojua Kiswahili cha kitabuni na kupotea kabisa katika hiki chetu, na nyingine ilielewa chetu lakini ilikawia, kwa hiyo akataka zana itakayoweza kuzipanga kwa zamu. Kisha alikuwa akizifungia njia kampuni makusudi, moja baada ya nyingine, mchana kweupe, aone zana itafanya nini, na wenzake wakimlaumu kwamba anaharibu kazi, alijibu kwamba afadhali iharibike akiwa anaitazama. Mwishoni mwa jedwali lake akaongeza swali ambalo hakuna muuzaji aliyeliweka, kwamba kampuni zote zikishindwa, nani anaitwa? Wote watatu walimjibu kwamba mama atapata ujumbe wa hitilafu. Nafula akawaandikia kwamba ujumbe wa hitilafu haubebi mtoto.

Akachagua ile ya pili, ya kukamua hata Krismasi, kwa sababu ndiyo iliyomwachia nafasi ya kuongeza mtu mwishoni mwa mstari, baada ya kampuni ya kwanza, ya pili na ya tatu. Ofisi ilijitolea kuweka namba ya ofisi, akaijaribu Jumapili moja mchana, ikalia mpaka ikachoka. Basi akaweka namba yake mwenyewe, na tangu tarehe 1 Julai 2024, kila mama ambaye swali lake lilishindikana kote alipokea maneno haya, Subiri, mama, Nafula anakupigia. Naye alipiga. Hakujifanya daktari, alimtafuta Jepkoech au kituo cha afya kilicho karibu, na hakukata simu mpaka mama yule apate mtu wa kumsaidia.

Kuhusu ndoa, Nafula aliolewa na Bwana George Osiako wa hapa Mumias, dereva wa trekta za miwa, tarehe 6 Desemba 2014, baada ya mahari kujadiliwa kwa siku mbili kwa ukaidi wa upande wetu, na hatuombi msamaha, binti alistahili. Walijaliwa watoto wawili, Natasha aliyezaliwa tarehe 22 Mei 2016, na Sydney, jina la babu yake, aliyezaliwa tarehe 9 Oktoba 2019. Nyumba yao ilikuwa ya kicheko, ila simu ile ilikula nao mezani, na mama mkwe wake aliiita mke mwenza, akisema huyu naye hata kuteka maji hatekangi. Iliwahi kulia kanisani katikati ya maombi, Nafula akatoka mbio na viatu vyake virefu, naye pasta akasema tumwombee dada yetu, kuna mtu ameitwa kabla yetu. George alinung'unika, mnamjua George, lakini ni yeye aliyehakikisha simu ina chaji kila asubuhi kabla hajaenda shambani.

Mwezi Oktoba 2024 miguu ya Nafula ilianza kuvimba, vipimo vikaonyesha figo zimechoka, na tangu Januari 2025 akawa anasafishwa damu hospitalini Kakamega kila Jumatatu na Alhamisi, mkono mmoja kwenye mashine na mwingine kwenye simu. Mwezi Julai alipoona nguvu zinaisha alimwomba mumewe aichukue namba ile, ikae kwake. George alikataa, akasema yeye ni mtu wa trekta, na simu hiyo itazimwa siku ile ile mwenyewe atakapoondoka, kisha akatoka nje kwenda kuwaangalia ng'ombe ambao hawakuhitaji kuangaliwa. Wala msimhukumu. Kuipokea simu ile kulikuwa kukubali kwamba mwenyewe anaondoka, na hilo moyo wake ulilikataa. Nafula alimwomba tena mwezi Agosti, akakataa tena, na hiyo ndiyo huzuni pekee aliyomlilia senge yake, si kifo, bali mama fulani kuambiwa asubiri na asipigiwe.

Alifariki Jumanne tarehe 9 Septemba 2025, alasiri, hospitalini Kakamega, mkono wake ukiwa katika mkono wa George. Jioni hiyo George akaizima simu, akaifunga ndani ya kitenge, akasema itaingia kaburini pamoja na mwenyewe, wala haitangoja siku ya kugawa vitu vya marehemu, na wazee wakakubali, nani abishane na mfiwa?

Sasa sikilizeni, kwa sababu familia imeamua hili lisemwe. Alhamisi tarehe 11, saa za mchana, mama mmoja kijana wa Mautuma, Ashley, aliandika kwamba mtoto wake mchanga amekataa kunyonya na mwili unachomeka. Swali lile lilishindikana kwa kampuni ya kwanza, likashindikana kwa ya pili na ya tatu, na Ashley akapata jibu kwamba Nafula anampigia. Akasubiri. Nafula alikuwa chumba cha maiti, na simu yake ilikuwa imezimwa ndani ya kitenge. Mungu si Athumani, jirani yake Cheruiyot, mwendesha boda boda, alisikia kilio akawapakia mpaka kituo cha afya, na mtoto akapona. Jumatatu Ashley alifika ofisi ya Afya Jirani, kule Lurambi, akiwa amefura kwa hasira, akitaka aonyeshwe huyo Nafula mwongo, wakamwambia amefariki, naye akauliza njia ya kuja Mumias.

Alifika hapa Jumanne iliyopita, akamkuta George ameketi pale penye mlango wa jikoni, akamwambia waziwazi kwamba alikuja kugombana na sasa hana wa kugombana naye, kisha akamwekea mtoto mapajani. Mtoto yule, anaitwa Kipsang, hana adabu hata kidogo, akamkojolea George suruali ya msiba, na George, ambaye hakuwa amedondosha chozi tangu siku ile ya hospitali, akalia mpaka akina mama wakaja kumshika. Alipomaliza aliingia ndani, akakifungua kile kitenge, akaichomeka simu kwenye chaji, na akamtuma mtu amwite Jepkoech aje amfundishe.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa Kakamega, majirani wa dini zote waliotulisha obusuma, ugali wetu, kwa siku hizi zote, wenzake wa Afya Jirani, waendesha boda boda wa Mautuma na hapa Mumias, na Ashley, ambaye yuko pale mbele na mtoto wake, inuka, mama, wakuone. Na tunaomba jambo moja. Tutakapokuwa kaburini, simu ikilia mfukoni mwa George, naye akaacha kutupa udongo akatoka, mtu asigune, mtu asiseme mwanamume huyu hana heshima kwa mkewe. Mpisheni njia.

Nafula, mtoto wetu wa mvua, tangu jana ujumbe unasema, Subiri, mama, George anakupigia. Pumzika kwa amani, simu imeshikwa.