Mufida Ghattas, Aliyesamehe na Kutoa Ushahidi

Mama yetu Mufida Ghattas Bushra, ambaye tumekusanyika leo kumsindikiza, alizaliwa tarehe 14 Februari 1951 katika kijiji cha Nazlat Jumeiz, mkoa wa Minya, hapa Misri. Alikuwa kifungua mimba wa kinyozi Ghattas na mkewe Labiba. Alibatizwa mwezi wa Mei mwaka huohuo.

Alisoma shule ya msingi ya kijijini hadi darasa la tano. Mwaka 1962 mama yake alifariki, naye akatolewa shuleni ili alee wadogo zake. Aliendelea kujisomea kwa kitabu cha sala, akinong'ona huku akikanda unga. Wadogo zake walidhani anasali mchana kutwa.

Mwaka 1971 Wadia Sawiris, mkulima wa zabibu, alikuja na mjomba wake kuposa. Wadia alikaa jioni nzima bila kutamka neno. Mufida akauliza kutoka nyuma ya mlango, "Huyu mgeni ni bubu, au chai yetu imemshinda?"

"Chai imeniunguza ulimi," Wadia akajibu, na nyumba nzima ikacheka. Walifunga ndoa tarehe 3 Oktoba, wakajaliwa Ayad, Demiana na Sarabamun.

Mwaka 1979 alifaulu mtihani wa elimu ya watu wazima, akaajiriwa kufundisha kisomo cha wanawake. Asubuhi alifundisha katika ukumbi wa kanisa. Alasiri alifundisha uani kwake, kwa ajili ya wanawake Waislamu ambao waume zao hawakupenda waingie kanisani. Ijumaa, siku ya mapumziko, baada ya ibada alizungumza na akina mama. Akiiombea nchi, aliwaombea mahakimu, walimu, na bei ya mkate. Aliyemwambia kwamba mambo hayo ni ya siasa alijibiwa, "Basi wewe usile."

Ijumaa ya tarehe 12 Juni 2009, uvumi ulienea kwamba nyumba iliyo jirani na kanisa inageuzwa kuwa kanisa jingine bila kibali. Kundi la watu likaivamia. Ayad, aliyekuwa fundi umeme, alikuwa ndani akifunga taa. Alipigwa kwa chuma kichwani mama yake akiona, akafariki Jumapili.

Baraza la usuluhishi likakaa. Wazee wa pande zote, Waislamu na Wakristo, wakaamua watu wapeane mikono na kesi ifutwe. Abuna Bisenti, padre wetu wa wakati huo, akatumwa kwa Mufida kumwomba akubali.

"Mama Ayad, Bwana wetu alisamehe akiwa msalabani."

"Nami nimesamehe, Abuna. Simtakii kifo kijana yule aliyempiga. Lakini siwezi kusema sikuona nilichokiona."

"Watachoma nyumba zetu, mama."

"Ukiniambia unaogopa nitakuelewa, maana hata mimi naogopa. Ila usiniambie kwamba hiyo ndiyo Injili."

 Abuna aliiacha kahawa yake kikombeni, akaondoka.

Miezi ile ilikuwa mizito. Mizabibu ya Wadia ilikatwa. Wapo waumini walioacha kumsalimu Mufida, wakisema atawaletea balaa. Alikaa kwenye benchi lake kanisani peke yake, na hakukosa hata ibada moja.

Mahakamani walisimamishwa vijana wawili. Mufida alimtambua wa kwanza na kueleza alichofanya kijana huyo. Alipoulizwa kuhusu wa pili, Hamdi, alisema, "Huyu sikumwona." Mwendesha mashtaka akarudia swali. Jibu likawa lilelile. Wa kwanza alifungwa, Hamdi akaachiwa.

Ndipo hata waliokuwa upande wake wakamgeuka. Kaka yake Wadia alimfokea barabarani, "Umemwachia muuaji wa mwanao!"

"Nimemwachia mtu ambaye sikumwona, shemeji. Ukitaka nidanganye kwa ajili ya Ayad, kwanza mwulize Ayad."

Alifika nyumbani, akajifungia, akalia mpaka sauti ikamkauka.

Mwaka 2020 figo zake zilishindwa kufanya kazi, ikabidi apelekwe mjini Minya kusafishwa damu kila mara. Wadia alikuwa haoni vizuri tena, na watoto walikuwa mbali. Asubuhi moja Hamdi alisimamisha pikapu mlangoni.

"Mama, gari liko tayari. Ila njiani usinisomee risala ya barabara mbovu."

"Nitakusomea wewe mpaka serikali isikie. Haya, nishike mkono."

Alimpeleka hivyo kwa miaka mitatu. Hatukuwahi kuwasikia wakizungumzia mahakama.

Siku zake za mwisho Demiana alikuja kutoka Aleksandria kumuuguza. Marehemu alimwambia, "Mtakaponizika, msiwaambie watu nilikuwa mvumilivu. Waambieni iliniuma." Alipokea ushirika mtakatifu, akafariki nyumbani kwake asubuhi ya tarehe 9 Novemba 2023, Wadia akiwa amemshika mkono.

Kwa hiyo tunasema, mbele ya jeneza lake na mbele ya kanisa hili: ilimuuma. Iliuma alipomzika Ayad, ikauma aliposema kweli, ikauma zaidi benchi lilipobaki tupu kando yake, nasi tulikuwa tumeketi nyuma tukimtazama.

Ameacha mume, Wadia, watoto wawili, Demiana na Sarabamun, wajukuu watano, na wanawake wengi wa kijiji hiki wanaosoma kwa sababu yake.

Bwana aliyemwona akilia ampumzishe sasa katika amani yake. Amina.