Doa la Nyonga ya Zedekiah Mbithi

Marehemu Zedekiah Mbithi alizaliwa Kangundo tarehe 14 Machi 1934, kifungua mimba wa Mama Mwelu. Alisoma huko huko hadi darasa la nane, na mwaka 1956 akaja Nairobi kujifunza kupiga picha za eksirei. Desemba 1961 alimwoa Annah, wakahamia Mutuini, wakajaliwa Nzomo na Philister.

Tangu 1974 alisimamia mashine mpya katika hospitali moja ya Hurlingham. Mgonjwa alidungwa dawa yenye mionzi, ikakimbilia mifupani, na penye ugonjwa ikajazana. Mashine ikapachora peusi. Kuzisoma picha hizo za mifupa, jamani, hakuwa na mpinzani. Siku moja daktari aliona doa kwenye nyonga ya mama mmoja, Milcah Nakhumicha, akaanza kutaja kukata mguu. Zedekiah akacheka. "Daktari, tulia kwanza. Dawa hii hutoka na mkojo, na tone likiangukia nguo huchora doa vilevile. Mama aende haja, abadilishe sketi, tumpige tena." Doa likatoweka. Nakhumicha alimletea kuku wawili, na leo yuko hapa kwa miguu yake.

Mei 1976 nyonga ya Zedekiah mwenyewe ilianza kumuuma. Mwenzake Dalmas akampiga picha.

"Mzee, hapa kulia pamekolea sana."

"Ah, Dalmas! Huo ni mkojo tu, nimejidondoshea."

"Basi badilisha suruali, turudie."

"Na foleni yote hiyo? Lete anayefuata."

Yeye aliyewarudisha watu mezani mara mbili, mara tatu, hakurudia yake! Februari 1977, alipokuwa hawezi tena kupanda ngazi, picha ya pili ilionyesha saratani imefika uti wa mgongo. Aliisoma kama ya mgonjwa yeyote, kisha akaketi. Alifariki nyumbani Jumanne, 9 Agosti 1977, akiwa na miaka arobaini na mitatu.

Ameacha mama, mjane, watoto wawili, na mdogo wake Joash anayesoma haya. Annah ameshikilia jambo moja lichapishwe, ingawa familia ilimsihi aliache. Suruali ya siku ile ya picha ya kwanza aliifua yeye jioni hiyo hiyo, Zedekiah alipomwambia ameidondoshea mkojo. Ilikuwa kavu, haina doa wala harufu. Akanyamaza, kwa sababu aliyesema ni Mbithi, na nani angembishia Mbithi? Ameambiwa asijilaumu. Hasikii.

Mungu ampumzishe Zedekiah. Na huyu aliyebaki, nani atampumzisha?