Kituo Kilichojengwa Upande Mmoja

Wasifu wa marehemu kaka yetu, Fundi Meno, kama ulivyosomwa na mdogo wake

Ndugu, majirani na wageni wetu, tunayemsindikiza leo mlimjua kwa kazi ya mikono yake, na baadhi yenu mmeketi hapa mkiwa na kazi hiyo mdomoni. Mimi ni mdogo wake, muuza vitambaa, sijazoea kusema maneno mengi bila mtu kunikatisha aombe kupunguziwa. Jana Mwenyekiti wa kundi lake la Reli Mezani alikuja nyumbani na ombi. Wenzake wanataka kumalizia kile kituo kidogo cha treni alichokijenga juu ya meza, upande wa jukwaa ambao marehemu aliuacha mweupe, iwe kumbukumbu yake. Nilimwambia jibu atalipata hapa hapa. Basi na asikilize.

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Juni 1955, kifungua mimba wa baba yetu, mshika bendera wa reli, na mama yetu, ambaye akichomeka hata kijiti ardhini kilichipua. Alizaliwa katika nyumba za wafanyakazi nyuma ya kituo kidogo cha treni. Mlango wetu wa jikoni ulitazamana na mgongo wa kituo: ukuta wa matofali, bomba la maji ya mvua, dirisha la ofisi ya tiketi lisilofunguliwa, na pembeni tangi la maji. Jukwaa lilikuwa upande wa pili. Baba alikuwa mtu wa sheria, na sheria yake ya kwanza ilikuwa kwamba mtoto wa mfanyakazi haonekani jukwaani treni ikiwepo. Kwa hiyo kaka aliijua treni kwa nyuma. Kwanza mlio, halafu moshi, halafu mabehewa yakipita kwenye mwanya kati ya ukuta na tangi, kila behewa likionekana kidogo na kutoweka.

Mwezi wa Septemba 1963 mama aliugua akapelekwa hospitali kubwa kwa treni hiyo. Kaka alikuwa na miaka minane. Mimi nilikuwa mgongoni kwa mama, bado nanyonya. Mama alipofika mlangoni alimwambia, "Angalia sufuria isiungue, narudi." Akazunguka jengo akaenda upande ule. Kaka akabaki na sufuria. Alisikia mlio, akaona moshi, akaona mabehewa mwanyani. Mama mwenyewe kaka hakumwona. Baada ya wiki kadhaa mama mdogo alinirudisha mimi, na mama akazikwa huko huko. Sufuria haikuungua.

Haya hata watoto wake wanayasikia leo. Hakuwa akiyaficha. Alikuwa haoni kwa nini amtwishe mtu mwingine.

Alisoma shule ya msingi iliyokuwa kando ya njia ya reli, na alikwenda shule akiruka taruma hadi taruma, yale magogo ya kulalia reli, jambo ambalo pia baba alilikataza. Darasani alichonga vichwa vya treni kwa chaki. Mwalimu alimchapa kwa kuharibu mali ya shule, kisha akakipanga kichwa kimoja juu ya meza yake na hakukiondoa mpaka kaka alipomaliza. Sekondari alisoma bweni, akafaulu vizuri, na mwaka 1975 akachaguliwa kusomea ufundi wa meno bandia. Baba alitaka aende reli. Kaka alimjibu kwamba reli ina wenyewe, lakini meno yanang'oka kila mahali. Alimaliza mafunzo mwaka 1977.

Alianza kazi katika karakana ya meno ya hospitali, chumba kirefu chenye harufu ya nta na vumbi jeupe la plasta juu ya kila kitu, pamoja na nyusi zake. Mwaka 1990 alifungua chumba chake ghorofani, juu ya duka la viatu, na hapo alifanya kazi mpaka alipostaafu. Alikuwa mkimya, lakini kwenye sherehe ilikuwa hatari kukaa karibu naye. Wazee wakicheka kwenye meza kuu, yeye ananong'ona, "Yule wa katikati, meno ya juu ni yangu. Ya chini sijui alitengenezewa wapi." Wifi yangu anambana kwa kiwiko, na yeye anaendelea kula kama hakusema kitu.

Na huyo wifi yangu alimpata kwa ujanja ambao mimi, mtu wa soko, niliuvulia kofia. Alikuja akimsindikiza baba yake kutengenezewa meno. Kaka aliyatengeneza, akasema yarudishwe yakaguliwe. Yakarudishwa, akasema bado kidogo upande wa kushoto. Yakarudishwa tena, akagundua kasoro upande wa kulia. Mwishowe mzee akayavua, akayaweka juu ya meza na kusema kwa ufizi mtupu, "Kijana, meno haya yananikaa vizuri tangu siku ya kwanza. Kama unamtaka binti sema, nikale nyama kwa amani." Walifunga ndoa tarehe 18 Desemba 1982, wakajaliwa watoto wawili, wa kike na wa kiume.

Njia yetu ya reli ilifungwa, reli zikang'olewa zikapelekwa kusikojulikana. Baba alifariki bila kuuliza zimekwenda wapi. Kaka alikwenda kupaangalia mara moja. Aliporudi nilimuuliza kumebaki nini, akasema nyasi, na msingi wa tangi. Hakwenda tena.

Alipostaafu ndipo alipoanza kujenga treni ndogo. Nilidhani ni maradhi ya uzeeni yatakayopita. Alichukua meza ya chakula, familia ikahamia kula kwenye viti vya sebuleni, sahani magotini. Ukuta wa kituo aliumimina kwa plasta ile ile ya meno, akachora kila tofali kwa sindano. Mabati ya paa yalikuwa tyubu za dawa ya meno zilizokatwa, zikasuguliwa juu ya chanuo mpaka zikapata mikunjo. Miti ilikuwa sponji. Maua ya mama, yale ya kando ya mlango wa jikoni, aliyafinyanga kwa nta ya waridi ya kutengenezea ufizi. Mwanawe wa kike, ambaye ni muuguzi, alipiga picha akazitupa mtandaoni, na hivyo ndivyo Reli Mezani walivyompata.

Kwa wasiowajua, hawa ni watu wazima wenye akili timamu, wapo pale nyuma. Mwenyekiti ni fundi wa mafriji. Yule wanayemwita Mwalimu ni mwalimu mstaafu wa hesabu, ndiye mshika kanuni. Wengine wana kazi zao. Kila mmoja anajenga kipande chake cha njia nyumbani, juu ya ubao: huyu daraja, huyu gereji la vichwa vya treni, huyu mlima wenye tundu. Jumamosi mchana wanarushiana picha kwenye simu na kusemana vibaya kwa upendo. Mara moja kwa mwaka wanabeba mbao zao mpaka ukumbini, wanaziunganisha kwa skrubu ziwe njia moja, na treni moja inapita kwenye kazi ya wote. Ili hilo liwezekane kuna kanuni: urefu wa miguu ni mmoja, reli zinakutana mahali pamoja, meza zinapangwa kando ya ukuta, na upande wa kutazamwa ni ule ulio karibu na reli.

Hapo ndipo kaka alipokwama. Alikuwa amejenga kituo kama alivyokiona kutoka mlango wa jikoni. Mgongo wote ulikuwepo, kila kutu ya bomba. Upande wa jukwaa, ule wenye reli, hakukuwa na kitu ila plasta nyeupe. Ubao ukiunganishwa kwa kanuni, uzuri wake wote unatazama ukuta na wageni wanaona weupe.

Alipotuma picha ya kwanza walimsifu mpaka simu ikaishiwa chaji. Alipotuma ya upande wa pili wakamgeukia. Mmoja aliuliza abiria wapandie wapi, jikoni? Mwingine akasema kituo kimenuna kama mke aliyesahauliwa sokoni. Mwalimu aliandika, kwa adabu, kwamba ubao usiomalizika hauungwi. Wakajitolea kumsaidia: wa benchi, wa taa, wa vijitu vya abiria vya kusimama jukwaani. Kaka alishukuru, akajibu mstari mmoja: "Upande ule sikuuona." Walidhani anatania. Mwaka ule ubao wake ulibaki nyumbani, na uliofuata pia. Picha za wenzake zilipoingia siku ya mkutano, alizitazama zote, akamsifu kila mtu kwa kazi yake, kisha akaweka simu chini akaenda kukaa barazani. Wifi yangu anasema siku hizo hata chai aliiacha ikapoa.

Alikuwa na tabia ya kuniuliza jambo moja, tangu tukiwa wadogo. Anaweza kuwa anamenya chungwa, bila utangulizi. "Wewe ulikuwa upande ule. Kulikuwaje?" Namwambia sikumbuki, nilikuwa mtoto mchanga. Anaitikia, anaendelea na chungwa lake. Baada ya miezi anauliza tena, kama mtu anayepita dukani kuangalia kama mzigo umeingia.

Mwaka jana mapafu yake yalianza kumsumbua. Daktari alisema ni vumbi la miaka mingi, na kwamba lililobaki ni kumpumzisha. Mkutano wa mwaka ulikuwa Jumamosi tarehe 3 Februari mwaka huu. Kaka hakuniomba kitu. Aliniuliza tu, akiwa kitandani hospitalini, kama hali ya hewa Jumamosi itakuwa nzuri kwa watu wa kubeba mbao. Mimi nikavaa viatu nikaenda karakanani kwa Mwenyekiti.

Sikumtaja mama. Kaka hakutaka huruma ichanganywe na plasta, na mimi sikutaka kununua kwa machozi kitu kinachoweza kupatikana kwa maneno. Nilianza juu, kama inavyotakiwa sokoni. Nilimwambia nataka mbao zote zigeuzwe, kila mtu atazamishe mgongo wake mbele, kaka yangu aonekane sawa na wenzake. Mwenyekiti alishika kichwa. Akasema Mwalimu atakufa. Nikamwambia basi anipe meza tu, zivutwe mbali na ukuta nafasi ya mtu kupita, anayetaka kuona mgongo azunguke. Akaleta habari ya waya za umeme, watu watajikwaa. Nikamwambia gundi ya kubandikia waya ipo, na sakafu ipo. Akasema na ule weupe je, wageni watasema hatukumaliza kazi. Nikamwambia wageni waje kuniuliza mimi. Mwisho akasema, "Dada, wewe ungeuza hata friji bovu." Nikamwambia nimeshawahi, na mteja alirudi kuchukua la pili. Meza zikavutwa.

Jumamosi ile nilikuwa wodini nimeshika simu mbele ya uso wa kaka. Mwenyekiti alisimama nyuma ya meza, upande wa jikoni, akapiga video moja kwa moja. Tuliuona ukuta, bomba, dirisha lililofungwa, maua ya nta. Treni ikaja, ikapita mwanyani. Kaka akasema, "Inakimbia mno. Waambie wapunguze." Wakapunguza. Ikapita tena, behewa moja, behewa jingine. Kaka aliyafuata kwa macho. Akasema, "Hivyo." Kisha akaomba irudie, nao wakarudia, na Mwalimu mwenyewe ndiye aliyeshika kidhibiti.

Simu ilipozimwa aliniuliza lile swali lake. Safari hii nilimjibu. Nilimwambia, "Kaka, mtoto wa mgongoni anaona nini? Anaona mgongo tu."

Alicheka mpaka akakohoa, na muuguzi wa zamu akaja kuniangalia vibaya. Akasema, "Kwa hiyo hata wewe." Nikamwambia hata mimi. Akanishika mkono, jambo ambalo hatukuwa na mazoea nalo, na hakuniuliza tena.

Marehemu alifariki dunia Jumapili asubuhi, tarehe 11 Februari 2024, mke wake na watoto wake wakiwa kando yake.

Mwenyekiti, na nyinyi wenzake, jibu mnalo. Najua mnataka kumtendea wema. Mabenchi yenu ni mazuri, taa zenu ni nzuri, pelekeni kwenye vituo vingine. Pale alipaacha peupe kwa sababu hakuwa mtu wa kuweka jino mahali asipojua palikaaje. Ubao ni wenu kuanzia leo, uungeni kila mwaka, meza zikae mbali na ukuta. Jukwaa msiliguse.

Ameacha mke, binti yake muuguzi na mkwe wetu, mwanawe wa kiume ambaye ni dereva wa lori pamoja na mkewe, wajukuu wanne, mama mdogo ambaye kwa umri wake ameketi pale mbele, wenzake wa Reli Mezani, midomo mingi inayotafuna vizuri, na mimi mdogo wake.

Kaka, pumzika salama. La upande ule, sasa kamuulize mama mwenyewe.